Shangazi, tuna milioni 23 na shemeji anataka nyumba iandikwe jina lake

Shikamoo shangazi, natumaini mzima. Naomba jina langu usiliweke maana ndugu wa mume wangu wengi wako mitandaoni na hili jambo bado ni la moto.

Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 38, tunaishi Tabata, tumepanga vyumba viwili, choo tunashea na wapangaji wengine. Kodi laki moja na ishirini kwa mwezi na mwenye nyumba anataka miezi sita sita. Mume wangu alikuwa na bajaji mbili, moja kauza. Mimi nachoma chapati na maandazi nasambaza kwenye maduka na vibanda vya chai hapa hapa Tabata, saa kumi alfajiri jiko linawaka. Mwaka huu tumevunja kikoba, nikajumlisha na akiba yangu ya benki nikapata milioni 14, mume ana 9 za bajaji, jumla 23. Hatujawahi kushika hela ya namna hiyo shangazi, na kila mtoto akipata homa mi roho inaruka, naogopa zikianza kumegwa hazitasimama tena.

Basi tukaanza kutafuta nyumba. Madalali wametuzungusha mpaka soli zimeisha, kila ukienda kuonyeshwa ni hela ya usumbufu, na ukitaja milioni 23 wengine wanacheka mbele yako, mmoja alituambia kwa hela hiyo Tabata labda mnunue geti. Mwisho wa siku zimebaki tatu.

Ya kwanza ni pagale Chanika, ndani ndani huko, ukishuka kwenye daladala unapanda tena bodaboda. Vyumba vitatu, limefika lenta, kiwanja 20 kwa 20, anataka milioni 17. Hakijapimwa, ana karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa basi. Mi nikiwafikiria wateja wangu naishiwa nguvu, chapati ya saa kumi na mbili asubuhi ntaifikishaje Tabata kutoka kule?

Ya pili iko Vingunguti upande wa bondeni. Imeisha kabisa, vyumba viwili na sebule, umeme upo, maji ya bomba yapo, milioni 22. Kiukweli nilivyoingia moyo ulitulia. Ila sebuleni ukuta umepakwa rangi mpya ya mafuta mpaka usawa wa kiuno, juu ni rangi ya zamani imefifia. Nikamuuliza mama mwenye nyumba mbona umepaka chini tu, akasema watoto wanachafua. Alafu kwa jirani pale mlangoni wamejenga tofali tatu kwenda juu, ukitaka kuingia unavuka kama unaingia kwenye mtumbwi. Dalali akasema msiogope, hilo bonde serikali inalipa fidia, mkinunua sasa hivi mtakula hela mara mbili.

Ya tatu ndo inayonikosesha usingizi. Iko Kinyerezi, vyumba vitatu, nzuri, milioni 33. Tumepungukiwa 10. Kaka mkubwa wa mume wangu amesema atatoa hiyo 10, lakini mkataba uandikwe jina lake yeye mpaka tumalize kumrudishia, ndo abadilishe. Huyo kaka ndo alimsomesha mume wangu baada ya baba yao kufariki, kwa hiyo ukimgusa umegusa pabaya. Na nyumba yenyewe ni ya urithi, anayeuza ni mtoto mkubwa wa marehemu, wapo watano na wawili wako mikoani, leseni ya makazi bado ina jina la baba yao.

Mume anasema kaka hawezi kunidhulumu. Nikisema basi tuandikishane hata karatasi ananyamaza, ule unyamavu wa kukuonyesha umekosea. Mama yangu anasema hela ya mwanamke ikishaingia kwa ukoo wa mume haitoki. Rafiki yangu ananambia nichukue 14 zangu nikanunue kiwanja Mkuranga kimya kimya. Na dalali anasema kuna mtu wa Mwanza anakuja na keshi mwisho wa mwezi. Nimechoka kupanga shangazi, kupanga ni kumwaga hela. Nifanyeje?

Mpangaji, Tabata

*

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, na sio hongera ya kukupoza, milioni 14 za chapati na maandazi mi najua ni unga kiasi gani na moshi kiasi gani.

Nimeisoma barua yako nikaona humu ndani kuna mambo mawili umeyafunga kwenye kitambaa kimoja. Moja ni nyumba ipi. Lingine ni jina la nani. Umeyaweka pamoja kwa sababu shemeji ameyaleta pamoja, na juu yake dalali kaongeza la tatu, haraka. Hebu tuyafungue.

Tuanze na haraka maana ndo jepesi. Mtu wa Mwanza mwenye keshi yuko njiani tangu mi ni msichana, saa nyingine anatoka Mwanza saa nyingine anatoka Dubai. Inawezekana kweli yupo, siwezi kukataa, lakini hata akiwepo yeye sio sababu ya wewe kununua kitu ambacho hujakichunguza. Alafu hii ya kupanga ni kumwaga hela, tupige hesabu kidogo. Laki moja na ishirini mara miezi kumi na mbili ni milioni 1 na laki 4 na elfu 40. Hizo milioni 23 mlizonazo ni kodi ya karibu miaka 16 hapo hapo mnapokaa, kama mwenye nyumba asipopandisha, najua atapandisha. Sisemi mbaki kupanga. Nachosema ukisubiri miezi mitatu ukapata jibu sahihi umelipa laki tatu na sitini, na hiyo ndo pengine itakuwa hela ndogo kuliko zote mtakazotoa kwenye safari hii. Kero ya choo cha kushea naielewa, ila kero na hasara ni vitu viwili tofauti.

Sasa nyumba zenyewe. Mi naamini hivi, nyumba ya bei chee hapa Dar ina sababu ya kuwa chee, na mara nyingi sababu ni moja kati ya hizi: maji, umbali, karatasi, au watu. Kazi yako sio kutafuta isiyo na sababu maana kwa milioni 23 hutaipata, kazi yako ni kujua sababu ni ipi na kujiuliza hii mi naweza kuishi nayo?

Ya Vingunguti sababu yake umeshaiona mwenyewe, we ni mjanja kuliko unavyojifikiria. Rangi ya mafuta mpaka kiunoni watu wengi wanapaka kweli kwa ajili ya watoto, kwa hiyo peke yake haisemi kitu, lakini ukiiweka pamoja na zile tofali tatu za mlangoni kwa jirani, mama, hakuna mtu anajenga kizuizi mlangoni kuzuia watoto. Kabla hujaamua lolote nenda bila dalali, nenda mvua imenyesha, kaa kwa mama anayeuza vitumbua pale mtaani nunua chai uliza maji ya mwisho yaliingia lini yalifika wapi, watakwambia tu. Angalia chini ya ukuta kwa nje kama tofali zinamung'unyika na kutoa chumvi nyeupe. Pima na umbali mpaka mto Msimbazi, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na hapo mnunuzi hana wa kumlilia. Bonde la Msimbazi tunalijua, yale mafuriko ya Desemba 2011 watu waliondolewa mabondeni wakapelekwa Mabwepande. Na hiyo hadithi ya fidia mi inaniudhi. Ni kweli kuna mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi na kuna watu wamelipwa, lakini wanalipwa walioingia kwenye tathmini, sio kila mwenye ukuta karibu na maji, na tathmini ikishapita wewe uliyenunua juzi unakuwa nani? Kama fidia ingekuwa ya uhakika hivyo huyo mama angeuza kwa 22 ili iweje?

Lakini sitaki kuipita haraka kwa sababu umesema moyo ulitulia. Ulitulia kwa nini? Nahisi ni kwa sababu iko jirani na Tabata, ina umeme, ina maji, unahamia kesho na jiko linawaka alfajiri ile ile. Hayo ndo unayotafuta kumbe, sio bonde. Yashike hayo kichwani ukiangalia nyumba nyingine, hata ya chumba kimoja na sebule, hata ile ambayo haina plasta.

Ya Chanika sababu yake ni umbali na karatasi. Milioni 17 unabaki na 6, na pagale la lenta bado lina njaa kubwa, kuna mbao, bati, mafundi wa kupaua, milango, nondo za madirisha, shimo la choo, maji, na umeme ambao ukihitaji nguzo bei inaruka. Mchukue fundi ambaye hamjui muuzaji, aende akapige hesabu ya kuezeka yote na kufunga vyumba viwili tu mhamie. Wengi ndo wanavyofanya, wanahamia madirisha yamezibwa na mabati, wanamalizia humo humo. Wengine wanaezeka wanabaki kupanga mjini wanajenga taratibu, hapo jua utalipa kodi huku unajenga, na pagale lisilo na mtu bati zinatembea usiku. Kubwa ni biashara yako. Kipato chako kiko kwenye miguu ya wateja wa Tabata, na hiyo 14 imetoka huko. Usiingie kwenye hesabu ya "tutaona", kaa na daftari uandike nauli ya kila siku ya kwako, ya mume, ya watoto mpaka mtakapowahamisha shule, uandike na wateja utakaowapoteza mwezi wa kwanza. Inawezekana Chanika nako kuna vibanda vya chai vinavyosubiri mtu, mji unakua kule, mi siwezi kukataa. Nenda asubuhi moja kaangalie wanauza chapati shilingi ngapi na nani anauza. (Na dalali akikwambia treni ya SGR inasimama Pugu mwambie hiyo ni ya wanaokwenda Morogoro na Dodoma, chapati haziipandi.)

Kuhusu karatasi, muhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba mmeuziana mbele yao, hauthibitishi kwamba anayeuza ndo mwenye mali. Pagale moja kuuzwa mara mbili sio habari mpya mji huu. Waulize majirani wa mipaka yote minne na wasaini. Na bahati yako nyumba zote tatu ziko upande wa Ilala, kwa hiyo ni idara ya ardhi ya Halmashauri ya Jiji, waulize eneo hilo kwenye michoro ya mipango miji ni makazi au kuna barabara inapita sebuleni kwako, na kama urasimishaji, yaani kupima na kutambua makazi yaliyojengwa bila kupimwa, umefika. Huko utatumia asubuhi moja na nauli.

Haya, Kinyerezi. Hapa sababu ya bei ni watu, na watu wa pande mbili.

Upande wa muuzaji, mtoto mkubwa wa marehemu sio mwenye nyumba kwa sababu tu ni mkubwa. Anayeweza kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, kwa hiyo omba kuona barua ya mahakama, sio muhtasari wa kikao cha ukoo peke yake. Na hao warithi wengine wanne, pamoja na wale wa mikoani, wasaini kwamba wamekubali, na kama mama yao yupo hai na yeye pia. Leseni ya makazi nayo ina muda, angalia imeisha lini. Mmoja wa mikoani akirudi Desemba akasema hakujua, mtalala mahakamani, na hapo hela itakuwa imeshagawanywa na kuliwa.

Upande wenu ni shemeji. Mwanangu, sijakusikia ukisema shemeji ni mtu mbaya, na mi sitasema, mtu aliyemsomesha mdogo wake akatoa na milioni 10 inawezekana kabisa ana nia njema. Ila swali lako sio kama atawadhulumu. Swali ni akifa je? Mungu amuepushe, lakini siku akiondoka nyumba yenye jina lake inaingia kwenye mirathi yake, na hapo unaongea na mke wake na watoto wake, ambao hawakuwepo mkiongea na hawadaiwi shukrani yoyote na mtu. Au akikopa benki? Au ndoa yake ikivunjika? Hata sheria inayokulinda wewe kama mke, Sheria ya Ndoa ya 1971 inayosema mwanandoa mmoja hawezi kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, inambana mume wako. Shemeji sio mume wako. Mtakuwa mnaishi kwenye nyumba ambayo kwa karatasi ni yake, milioni 23 zenu zimo ndani na hakuna panaposema.

Na kuna jambo nataka nikuulize taratibu. Umeshajua kwa nini anataka jina lake? Umeandika anataka, hujaandika kwa nini. Labda anaogopa hela yake haitarudi, na hilo ni haki yake kabisa, milioni 10 sio mchezo. Kama ni hilo, zipo njia za kumlinda bila kumpa nyumba nzima. Mnaweza kuandikishana mkopo mbele ya wakili, kiasi, muda, mkishindwa inakuwaje, na yeye akashika nakala halisi za mkataba wa nyumba mpaka mmalize. Au jina liwe la watatu kwa hisa, kila mtu na kiasi alichotoa, sheria ya ardhi inaruhusu umiliki wa pamoja wa namna hiyo, ubaya wake ni kwamba mkitaka kuuza au kukopea mnamhitaji yeye, na mirathi yake bado itagusa kipande chake. Au nyumba iandikwe jina lako na la mume, na yeye awe shahidi na mdai. Kila moja ina shida yake, na hata ile ya kukataa msaada ina shida, maana mume wako atabeba kwamba kaka alinyoosha mkono mkaukataa.

Sasa mume. Huo unyamavu wake mi siusomi kama ubaya, nausoma kama mtu aliyekabwa na deni la shukrani. Ukimwambia "kaka yako atatudhulumu" umemlazimisha achague kati yako na aliyemlea, atanyamaza tu. Jaribu kumuuliza kitu kingine, muulize "tukifa sisi au akifa yeye, watoto wetu na watoto wake wataelewana vipi kwenye hii nyumba?" Hapo humtuhumu mtu. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hata shemeji ukimwendea kwa adabu, na mume wako ndo aongee sio wewe, kwamba tunaomba tuandikishane ili watoto wasije kugombana, utashangaa anaweza kukubali. Na akikasirika sana kwa kuombwa karatasi, hilo nalo ni jibu la aina yake, utalipima mwenyewe.

Mama yako ana lake aliloliona maishani, msikilize ila ndoa ni yako. Rafiki yako wa Mkuranga mi hapo nasita. Kiwanja cha siri kinakupa usalama na kinakupa siri ya kuitunza kila siku, na siku ikitoka, mtaacha kuongelea kiwanja mtaongelea uaminifu, na yeye atachukua 9 zake aende kwa kaka. Lakini kununua Mkuranga, Kisarawe au Kibaha kwa uwazi, kiwanja kilichopimwa chenye majina yenu wawili, mkabaki na hela ya kuanzia msingi, hilo ni wazo halali kabisa hata kama haliwatoi kwenye kupanga mwaka huu. Wapo wanaouza kwa awamu, ila kabla hujalipa awamu ya kwanza hakikisha anayeuza kiwanja chenyewe kashakimiliki.

Benki nataja tu ili usije ukasema sikusema. Mkopo wa nyumba mara nyingi unataka hati na kipato cha kuonyesha kwenye karatasi, na riba yake sio ndogo. Kwa biashara ya chapati bila kumbukumbu mtahangaika, japo ukianza kupitisha mauzo kwenye akaunti sasa hivi, baada ya muda unakuwa mtu mwingine mbele yao.

Alafu kumbuka milioni 23 sio 23. Kuna dalali, kuna wakili, kuna serikali ya mtaa ambako ofisi nyingine zinaomba mpaka asilimia kumi, uliza mapema na udai risiti, kuna kubadilisha jina. Na mtoto anaugua. Mi ningekuwa na wewe hapo jikoni ningekuuliza kiasi gani hakiguswi hata iweje, mkikubaliana hicho wewe na mume ndo mtajua bajeti yenu ya kweli ni ngapi, na huenda moja kati ya hizi nyumba ikajiondoa yenyewe.

Na huyo dalali akiomba laki mbili "ya kuishikilia nyumba" ya Kinyerezi mpaka mwisho wa mwezi, mwambie utampa msimamizi wa mirathi mwenyewe, kwa maandishi, siku utakayoiona barua ya mahakama.

Shangazi